Sala ya saa nane usiku

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nakaa Igombe, hapa Mwanza, naanika na kuuza dagaa. Mwaka jana wakati wa giza kaka yangu aliingia ziwani jioni na wenzake wawili. Saa nane usiku nilishtuka usingizini, moyo mzito, upepo unapiga mabati. Nikapiga magoti nikamwombea ulinzi mpaka kunakucha. Asubuhi wakarudi wale wawili peke yao. Wakasema mtumbwi ulipinduka kabla ya saa nne. Kumbe muda wote ule nilikuwa namwombea mtu aliyekwisha kufa. Msibani mchungaji alisema Mungu ni wa milele, kwake hakuna jana wala kesho. Neno hilo limenikaa lakini silielewi. Je, sala yangu ilichelewa? Halafu mwanangu wa darasa la tatu naye ananiuliza, kabla ya kuumba dunia Mungu alikuwa anafanya nini? Nimekosa la kumjibu.

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana kwa msiba, na pole kwa mwaka mzima wa kulibeba swali hili peke yako. Nimelisoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu, kwa sababu linagusa jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa masomoni, mbali na nyumbani, niliandika barua kumuuliza mama yangu hali yake, nikamalizia kwa kumwombea apone mguu uliokuwa unamsumbua. Barua ilifika siku tatu baada ya maziko. Kwa miaka mingi nilijiona kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kwa hiyo usidhani nakujibu kwa vitabu tu.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu tunalitumia ovyo. Tukisema milele, wengi wetu tunawaza muda mrefu sana: miaka, halafu miaka mingine, halafu mingine isiyokwisha. Hapo Mungu anakuwa mzee kuliko wazee wote. Hebu tazama mawe ya Mwanza, yale makubwa yaliyopandana mjini na ufukweni, na lile la Bismarck lililosimama majini ambalo kila mgeni hulipiga picha. Wataalamu wa miamba wanakadiria umri wa mawe ya ukanda huu kuwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa letu ni mtoto mbele yake. Tena ziwa hili, ambalo sisi tunaliona kama lilikuwepo siku zote, liliwahi kukauka: takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita maji yaliondoka, na pale ambapo leo mitumbwi hutega dagaa palikuwa nchi kavu. Kisha mvua zikarudi, likajaa tena. Huo ni muda mrefu mno, kichwa kinauma kuufikiri. Hata hivyo bado ni muda. Una mwanzo, una kabla na baada, mtu anaweza kuuhesabu. Ukiuzidisha mara elfu hupati milele. Unapata muda mrefu zaidi.

Zaburi ya 90, ambayo kichwa chake kinaiita sala ya Musa, inalisema hilo kwa mstari mmoja: “Kabla haijazaliwa milima, wala hujaiumba dunia, na tangu milele hata milele ndiwe Mungu.” Ona kwamba milima inazaliwa. Mawe nayo yana siku yao ya kuzaliwa. Mungu hana. Wazee wetu wa Kiswahili wana neno zuri hapa, azali, yaani kile kisicho na mwanzo, na tunasema tangu azali. Milele, katika matumizi yetu ya kila siku, huelekea zaidi upande wa kisicho na mwisho. Imani ya Kikristo inasema yote mawili juu ya Mungu, halafu inakwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo inayojibu swali lako.

Nipite kwanza kwa mwanao, kwa sababu swali lake litatufungulia njia.

Mwambie swali lake si la kitoto. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliyefariki mwaka 430, aliulizwa hilohilo na watu wazima. Anasimulia kwamba kulikuwa na mtu aliyelijibu kwa mzaha: Mungu alikuwa akitengeneza jehanamu kwa ajili ya wanaochunguza mambo makubwa mno. Augustino alikataa kujibu hivyo. Alisema afadhali mtu aseme sijui kuliko kumcheka anayeuliza jambo zito. (Natamani kila mwalimu wa shule ya Jumapili alikumbuke hilo.) Kisha akatoa jibu lake mwenyewe: hakukuwa na “kabla”. Wakati nao ni kiumbe. Mungu alipoumba mbingu na nchi, aliumba na wakati pamoja nazo. Kwa hiyo kuuliza alifanya nini kabla ya wakati ni kama kuuliza ng’ambo ya ziwa iko wapi wakati ziwa lenyewe halijakuwepo.

Sisi wa Kiswahili tuna njia fupi zaidi ya kulielewa. Saa zetu tunazihesabu kwa jua. Jua likichomoza, saa moja imeanza kutembea. Likizama, tunaanza upya, saa moja ya usiku. Mtoto wa darasa la tatu anajua hivyo. Basi mfungulie Mwanzo sura ya 1, mstari wa 14, ambapo mianga inawekwa angani iwe dalili na majira na siku na miaka. Halafu umuulize: jua likiwa halijaumbwa, saa moja ingehesabiwa kutoka wapi? Mwache afikiri. Usimkimbilie na jibu.

Sasa turudi kwako.

Kuna neno moja katika Biblia yetu ambalo nimelitafakari zaidi ya yote, nalo ni dogo kabisa: niko. Mungu anapomtokea Musa katika kijiti kinachowaka moto, Musa anauliza jina, naye anajibiwa, “MIMI NIKO AMBAYE NIKO” (Kutoka 3:14). Na Yesu, akibishana na watu hekaluni, anasema, “Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko” (Yohana 8:58). Sikiliza sentensi hiyo ya pili kama Mswahili. Mwanafunzi akiiandika kwenye mtihani, mwalimu angeweka alama nyekundu: kama ni kabla ya Ibrahimu, sema nilikuwako! Lakini Yesu hakusema nilikuwako. Aliposema “mimi niko” waliokuwa wakimsikiliza waliokota mawe wamtupie, maana walielewa anajiita nani.

Lugha yetu imelibeba jambo hili vizuri ajabu. Kitenzi chetu karibu kila mara kinavaa wakati: nililima, ninalima, nitalima. Neno “niko” halina li, halina na, halina ta. Ni mimi, na mahali nilipo. Basi. Na hilo “ko” la mwisho ni la mahali. Mtu akikupigia simu akiuliza uko wapi, unajibu niko mwaloni, niko njiani, niko hapa. Yaani kwetu kuwako ni kuwapo pamoja na mtu, mahali fulani, si kuelea tu. Ninajua Kiebrania cha mstari ule wa Kutoka kinaweza pia kusomwa “nitakuwa”, na watafsiri wamelijadili sana. Ila tazama mistari miwili juu yake, 3:12, Mungu anamwambia Musa aliyeogopa: “Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe.” Katika Kiebrania ni neno lilelile. Kwa hiyo hata kule, jina la Mungu wa milele linatoka kwenye ahadi ya kuwa pamoja na mtu mwenye hofu.

Hiyo ndiyo ile hatua moja mbele. Umilele wa Mungu, kama Kanisa lilivyoufundisha kwa karne nyingi, ni kwamba yeye yupo mzima katika kila saa, bila kugawanyika, bila saa moja kumpita na nyingine kumsubiri. Aliyeliweka vizuri zaidi ni mfungwa. Boethius, msomi wa Italia, aliandika akiwa kifungoni akingoja kuuawa, yapata mwaka 524. Alisema umilele ni kuwa na uzima usio na mipaka, wote kwa pamoja, kikamilifu. Maneno hayo “wote kwa pamoja” ndiyo yanayotutenga sisi na Mungu. Mimi uzima wangu naupata vipandevipande. Utoto wangu umeshaondoka, uzee wangu umefika, kesho yangu sijaishika. Wewe pia: yale masaa ya kupiga magoti huna tena, unayakumbuka tu. Mungu hakumbuki usiku ule kwa namna hiyo. Kwake usiku ule haujapita.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitoa mfano wa mtu aliye juu mahali pa mwinuko akiwaangalia wasafiri njiani. Aliye njiani hawaoni wanaokuja nyuma yake. Aliye juu anawaona wote kwa pamoja. Nikiwa Mwanza huwa naukumbuka mfano huo pale kilima cha Bugando, jioni, mji ukiwa chini na maji yakimetameta. Kwenye giza unaona taa za wavuvi wa dagaa mbali, mstari wa nuru juu ya maji, kama mji mwingine umejengwa ziwani. Kila mtumbwi unaona taa yake na za jirani zake. Aliye kilimani anaona zote.

Lakini mfano huo una upungufu, na usipoangalia utakuumiza. Aliye kilimani yuko mbali. Anaona, halowi. Mungu wa Musa hakai kilimani akihesabu taa. Kama yupo mzima katika kila saa, basi alikuwa mzima mle mtumbwini kabla ya saa nne, na alikuwa mzima chumbani kwako saa nane, naye ni yuleyule, na kwake saa hizo mbili hazikupishana.

Kwa hiyo nakujibu moja kwa moja: sala yako haikuchelewa. Wewe ndiye uliyechelewa kupata habari, kama mimi na barua yangu. Sala haisafiri kama barua. Haikutoka Igombe saa nane ikaenda kutafuta saa nne iliyokwisha funga. Yule uliyemwomba anasikia maneno yako ya saa nane na anamwona kaka yako majini kwa kuona kumoja. Alipokuwa na kaka yako katika dakika zile, kilio chako tayari kilikuwa mbele yake. Nabii Isaya analo neno lililonyooka kabisa juu ya hili, 65:24: “Na itakuwa ya kwamba kabla hawajaomba, nitajibu, na wakiwa katika kunena, nitasikia.” Kabla hawajaomba. Sisi tunausoma mstari huo haraka kwenye mikutano ya maombi kama ahadi ya kupata mambo upesi. Nadhani una uzito mkubwa zaidi ya huo.

Hapa niweke mpaka, kwa kuwa nisingependa mtu mwingine achukue maneno yangu ayapeleke pasipo pake. Kumwomba Mungu juu ya jambo ambalo hujui limeishaje ni halali kabisa, hata kama kwa saa za duniani limekwisha. Kumwomba jambo unalojua limekwisha kutokea lisiwe limetokea, hilo ni kitu kingine. Thomas huyohuyo alisema waziwazi kwamba lililokuwa haliwezi kufanywa lisiwe limekuwa. Ndiyo maana sala yako ya usiku ule ilikuwa sala ya kweli, na wala huna sababu ya kuionea aibu. Kuhusu kuwaombea marehemu baada ya kujua wamefariki, makanisa yetu hayakubaliani, na hukuniuliza hilo, naliacha.

Nikuambie pia kwamba wapo Wakristo wenye akili na imani wasiokubali maelezo haya ya Boethius. Mwanafalsafa wa Marekani, Nicholas Wolterstorff, mwaka 1975 aliandika kwamba Mungu wa Biblia anaita, anajibu, anangoja, anatenda jambo kisha jingine. Kwa hiyo, alisema, Mungu ana historia, hana mwanzo wala mwisho lakini hayuko nje ya wakati. Miaka minane baadaye alimpoteza mwanawe kwenye ajali ya kupanda milima huko Austria, na akaandika juu ya maombolezo yake bila kuficha chochote. Namheshimu sana. Naona anatukinga na hatari moja ya kweli, ya kumfanya Mungu kuwa jiwe lisilohisi. Mimi nabaki na njia ya zamani, ila nabaki nayo nikiwa nimelisikia onyo lake, na sababu yangu ni Bethania.

Maana najua swali lililo chini ya swali lako. Hukuliandika, lakini lipo: kama alikuwa pale, mbona hakumwokoa? Kusema Mungu ni wa milele hakujibu hilo, na mchungaji akilitumia neno hilo kulifunika swali lako, amelitumia vibaya. Sina jibu la mbona. Ninacho kisa cha dada mwingine aliyefiwa na kaka.

Fungua Yohana 11. Lazaro anaumwa kijijini Bethania, dada zake wanatuma habari kwa Yesu, naye anakaa siku mbili zaidi pale alipo. Anapofika, Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki njiani na kusema: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Sikia vitenzi vyake. Ungalikuwapo, hangalikufa. Hiyo ngali ndiyo sarufi ya msiba. Kila aliyefiwa anaijua. Kama tungaliwahi. Kama upepo usingalivuma. Kama ningaliamka mapema. Yesu hamkemei Martha kwa kusema hivyo. Wala hamjibu kwa ngali nyingine, kueleza ambavyo ingalikuwa. Anamjibu kwa neno lisilovaa wakati wowote: “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima.” Ndimi. Martha alikuwa ameuweka ufufuo mbali, siku ya mwisho. Yeye anamwambia umesimama mbele yake barabarani.

Kisha Yesu anauliza walikomweka, wanamwambia njoo utazame, naye analia machozi. Mstari wa 35, mfupi kabisa. Anajua dakika chache zijazo atamwita Lazaro atoke, lakini hasemi kwa kuwa najua mwisho, machozi ya nini. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kwa sababu ya kasisi mmoja wa Aleksandria, Ario, aliyefundisha kwamba Mwana alikuwa na mwanzo, kwamba palikuwa na hapo ambapo hakuwako. Walikataa. Watu hudhani ule ulikuwa ugomvi wa wasomi juu ya maneno. Mimi naona ulikuwa juu ya machozi haya: ni nani aliyelia pale? Kama ni kiumbe, basi tumepata mwenzetu mwema katika huzuni, na ni hivyo tu. Kama ni yeye anayeungamwa katika Kanuni ya Imani kuwa amezaliwa kwa Baba tangu milele yote, basi Mungu asiye na jana aliingia ndani ya siku ya nne ya msiba, akasimama na wafiwa, akalia. Kwa hiyo simwogopi Mungu wa Boethius. Namjua kwa uso wa aliyelia Bethania.

Jambo moja bado. Marehemu Profesa John Mbiti wa Kenya, kasisi wa Kianglikana, mwaka 1969 aliandika kwamba Waafrika wa jadi waliuona wakati kwa sehemu mbili, akaziita kwa maneno yetu ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Mtu akifa, anaendelea kukaa katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina; wa mwisho kumkumbuka akiondoka, naye anazama katika Zamani. Wasomi wengine walimpinga juu ya mambo kadhaa, lakini nilipomzika mama yangu niliona alivyosema kweli juu ya hofu yetu. Tunaogopa mtu wetu azame. Kaka yako, aliyezama kwa maji, unaogopa asizame mara ya pili kwa kusahauliwa.

Sasa soma Luka 20:38. Yesu anawakumbusha watu kile kijiti cha Musa, ambapo Mungu alijiita Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu waliokwisha kufa zamani za kale, na anasema: “Naye si Mungu wa wafu, bali wa walio hai, kwa kuwa wote huishi kwake.” Huishi kwake. Wewe utamkumbuka kaka yako mpaka siku zako ziishe, na mwanao labda baada yako kidogo. Baada ya hapo jina lake halitategemea kumbukumbu ya mtu yeyote wa Igombe.

Nakushauri uisome Zaburi ya 90 nyumbani, kwa sauti, mwanao akiwepo. Soma taratibu mstari wa 4, miaka elfu kama siku ya jana ikiisha kupita, na kama kesha la usiku. Wewe unajua kesha la usiku ni nini kuliko wahubiri wengi. Usiishie mstari wa 12 kama tunavyozoea kwenye misiba. Endelea mpaka wa 13, ambapo Musa, akiwa amekwisha kukiri kwamba Mungu ni wa tangu milele hata milele, anamgeukia na kumuuliza Mungu huyohuyo swali la mtu aliyechoka kungoja: “Ee BWANA urudi, hata lini?” Hakukemewa kwa kuuliza. Likaandikwa, likawa sala. Nawe uliulize.